SOMO LETU: AKIRUDI KUTOKA UARABUNI

Leo tuangalie jambo linalogusa nyumba nyingi.

TUONE
Dada zetu wengi huenda Saudia na nchi jirani kufanya kazi za nyumbani. Huko kuna utaratibu wa kafala: kibali cha mfanyakazi kinategemea mwajiri, hivyo kumwacha mwajiri mbaya si rahisi. Kwa sababu ya mateso, Serikali yetu ilisimamisha safari hizo mwaka 2014, baadaye ikaziruhusu tena.

Tuchukue mfano. Dada ameondoka Garba Tulla mwaka 2019. Kila mara anatuma pesa, kaka yake anunue mbuzi. Anarudi 2023, zizi ni tupu. Anasema, "Mmekula jasho langu!" Kaka ananyamaza. Kumbe mbuzi walinunuliwa, lakini ukame ulioanza 2020 uliwamaliza. Mbona hakuambiwa? Kila akipiga simu alijibiwa, "Sisi tuko sawa." Yeye naye alikuwa akinyimwa mshahara na usingizi, na alijibu vilevile: "Niko sawa." Na mtoto wake sasa anamkimbilia nyanya.

TUFIKIRI
Hapa hakuna mwizi. Kila upande ulificha ili mwingine asiumie. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Kurudi nyumbani kunaanza na kuambiana ukweli.

TUTENDE
1. Wiki za kwanza apumzike. Tusimwulize, "Umetuletea nini?" Michango nayo ingoje.
2. Familia ikae naye pamoja na mzee anayeaminika, wafungue hesabu: kilichotumwa, kilichonunuliwa, kilichokufa, kilicholiwa. Kama kuna aliyekula, aseme.
3. Mtoto asilazimishwe. Nyanya na mama wamlee pamoja mpaka azoee.
4. Kama halali au anashtuka ovyo, asiitwe mwenda wazimu. Mama mmoja amsindikize hospitali. Na siri yake isifike sokoni.
5. Kikundi kimrudishie nafasi yake kwenye mzunguko, aanze na mchango mdogo.

Kwa wale ambao bado wako huko, tuanze leo: mbuzi akifa, mwambieni.

MASWALI YA KUJADILI
(a) Ni nini tunawaficha walio mbali, na kwa nini?
(b) Katika kikundi chetu, nani amerudi na hatujakaa naye?
(c) Nani atamtembelea kabla ya mkutano ujao?