Maradhi ya Kujinyima Chakula katika Ramadhani na Idi

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, na ifahamike kwamba saumu ya Ramadhani ilifaradhishwa katika mwaka wa pili wa Hijra, na pamoja na amri hiyo ikateremshwa ruhusa. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula, wakalipa kwa siku nyingine. Ruhusa hii wengi huijua kwa mwenye homa au mwenye kisukari. Walakini yako maradhi ambayo mwenyewe huyaficha, na jamaa zake huyadhania kuwa ni uchaji. Nayo ni maradhi ya chakula.

Zijulikanazo zaidi ni namna mbili. Ya kwanza ni mtu kujinyima chakula kwa kuogopa unene, hata akakonda mifupa ikaonekana, na huku machoni pake ajiona mnene. Hii huitwa anoreksia, na tabibu William Gull wa London aliieleza mbele ya matabibu wenziwe mwaka 1873. Ya pili ni mtu kula kwa siri chakula kingi mno kwa mara moja, kisha akajitapisha au akanywa dawa ya kuharisha. Hii huitwa bulimia, na tabibu Gerald Russell, naye wa London, aliipambanua mwaka 1979. Maradhi haya huwapata wanawake na wanaume, na aghlabu huanza katika ujana. Si deko, wala si upungufu wa imani. Mwenye kujinyima moyo wake hudhoofika. Na mwenye kujitapisha hupoteza chumvi za mwili, khasa potasiamu, hata mapigo ya moyo yakaharibika. Wote wawili huweza kufa.

Basi Ramadhani huwa sitara ya maradhi haya. Kijana aliyekuwa akiulizwa kila siku mbona hali, sasa haulizwi na mtu, bali husifiwa. Daku huiacha kwa kisingizio cha usingizi, na futari yake ni tende moja na maji. Na yule wa namna ya pili, akiisha kushinda na njaa, hukuta mbele yake uji, mihogo, sambusa na kaimati. Hula asiweze kujizuia, kisha huingia chooni wakati wenziwe waendapo tarawehe.

Kipimo cha kupambanua ni nia. Mgonjwa na aulizwe kwa upole: lau saumu ingemwongezea uzito badala ya kumpunguzia, je, angeipenda vivi hivi? Akinyamaza au akilia, jibu limekwisha patikana. Dalili nyingine ni kuona baridi wakati wa joto, kuzimia, hedhi kukatika, na kuendelea kufunga kila siku baada ya Idi kwa kisingizio cha sita za Shawwali au deni la saumu.

Wala neno lake kwamba ana nguvu lisitegemewe peke yake. Katika miaka ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa muda wa miezi sita. Wakawa wazito wa moyo, wakajitenga na wenziwao, na fikira zao zote zikawa juu ya chakula. Kwa hiyo njaa yenyewe huigeuza akili, na aliye ndani yake hana budi kuamuliwa na tabibu mwaminifu.

Tabibu akisema saumu itamdhuru, Sharia yampa ruhusa ya kula. Na ikikhofiwa roho yake, kula huwa wajibu na kufunga huwa haramu. Maadamu kupona kwatarajiwa, atalipa siku zake akiisha kupona, wala asiharakishwe. Tena kujitapisha kwa kusudi hubatilisha saumu. Mwenye kula kwa ruhusa hakutoka katika Ramadhani: Kurani, dhikri, sadaka na tarawehe zote ni zake. Imepokewa kwamba Salmani alimzuru Abu Dardai, akamkuta amefunga saumu ya sunna, akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale pamoja naye; kisha akamkumbusha kwamba nafsi yake ina haki juu yake. Mtume s.a.w. alipopewa habari hiyo alimsadikisha Salmani.

Nyumbani, mgonjwa na ale kwa saa zake za kila siku kama alivyopangiwa na tabibu, mahali pa faragha, pamoja na mtu mmoja amwaminiye. Akiisha kula asiachwe peke yake kwa muda wa saa moja. Aliyeshinda na njaa siku nyingi asishindiliwe chakula kwa ghafula, kwani chumvi za damu hushuka akapata madhara makubwa. Hilo ni kazi ya hospitali.

Ama Idi, ni siku iliyoharimishwa kufunga, na kwake ni siku nzito. Kila nyumba aingiapo huletewa pilau, visheti na haluwa, na shangazi humwambia amekonda au amenawiri. Maneno yote mawili humchoma: la kwanza hulisikia kuwa ni sifa, na la pili hulisikia kuwa ni tusi. Watu wa nyumba na wapatane kabla ya siku hiyo kwamba mwili wa mtu hautatajwa wala tonge zake hazitahesabiwa. Na wamzuru jamaa mmoja au wawili, si mtaa mzima. Na aulizwe hali yake na masomo yake, kama aulizwavyo mtu mwingine.

Mzazi aonaye dalili hizi asingoje mwezi uishe. Na ampeleke kwa tabibu leo, kwani siku za saumu hulipika, na roho hailipiki. Wabillahi taufiki.