Kuiingiza Taveta kwenye kompyuta: jinsi ninavyoandaa mradi wa kuiga usafiri

Anza na swali, programu baadaye. Langu ni hili: siku za soko Taveta, Jumatano na Jumamosi, lori linaloelekea Holili, upande wa Tanzania, linacheleweshwa zaidi na mpaka au na msongamano wa mjini? Mwenye swali la namna hii anajua ahesabu nini na aache nini. Asiye nalo atachora mji mzima na kubaki na picha ya magari yanayotembea.

Ninatumia SUMO, programu ya kuiga usafiri iliyoanzishwa na DLR, kituo cha Ujerumani cha utafiti wa anga. Ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye laptopu ya kawaida. Ukiwa na Python, amri ya pip install eclipse-sumo inatosha. Kisha iambie kompyuta SUMO_HOME iko wapi, yaani folda ya programu yenyewe, maana vifaa vyake vingi huitafuta. Ninafungua folda nne mapema: ramani, hesabu, majaribio, matokeo. Ramani ghafi haiguswi. Kila badiliko linaandikwa kama amri na kuhifadhiwa kwa Git, ili mwenzangu aliyeko Voi alirudie bila kunipigia simu.

Ramani inatoka OpenStreetMap. Kata kuanzia barabara inayoingia kutoka Mwatate, uvuke mpaka hadi Holili. Usiishie upande wa Kenya. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe 2016, gari linaloenda Tanzania hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili Holili, na linaloingia Kenya hukaguliwa Taveta. Kwa hiyo foleni ya malori yetu mzizi wake uko ng'ambo.

Netconvert ndiyo hugeuza ramani kuwa mtandao wa barabara, na hapa kuna kazi inayostahili asubuhi nzima. SUMO hudhani watu huendesha kulia, kwa hiyo weka --lefthand. Barabara isiyoandikwa kasi wala idadi ya njia kwenye ramani, programu huijazia kutoka kwenye jedwali lake lenyewe, na unaweza kukuta barabara kuu ya Taveta ina njia mbili kila upande. Zipitie moja moja kwenye netedit, kihariri cha mtandao cha SUMO, na mjini uweke kilomita 50 kwa saa.

Halafu bodaboda. Ukiziacha kama zilivyo, zitapanga foleni nyuma ya trela, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona Taveta. Zipe aina ya motorcycle, kisha weka --lateral-resolution 0.8. Sasa njia imegawanywa vipande vyembamba, na pikipiki yenye urefu wa mita 2.2 inajipenyeza pembeni mwa trela la mita 16.5 hadi mbele.

Mpangilio ninaouona wa hatari kuliko yote ni huu: kwa kawaida, gari likikwama sekunde 300, SUMO hulinyanyua na kulisogeza mbele ya kizuizi ili foleni isigande. Mpakani, kukwama huko ndiko tunakotaka kupima! Weka --time-to-teleport -1, la sivyo matokeo yatakuonyesha mpaka usio na foleni.

Hesabu za magari hazipatikani mtandaoni. Nairobi ilipata ramani ya njia za matatu kupitia mradi wa Digital Matatus kwa sababu watu walizipanda matatu wakiwa na simu mkononi. Huku nasi tunasimama kwenye makutano na kuandika kila dakika 15: malori, matatu, Probox, tuktuk, bodaboda, mikokoteni. Mikokoteni ya ndizi usiipuuze. Mmoja ukisimama kupakua mikungu unafunga upande mzima wa barabara, kwa hiyo ninauweka kama gari la polepole lenye vituo vyake.

Jenga kwanza siku ya kawaida, mathalani Jumatatu. Iendeshe mara nyingi, kila mara ukibadilisha --seed, namba inayoanzisha bahati nasibu, kwa kuwa jaribio moja ni bahati tu. Foleni ya kwenye skrini ikikaribiana na ile uliyoipima barabarani, ndipo uongeze magari na mikokoteni ya Jumatano bila kugusa kingine chochote. Tofauti ya muda wa lori kati ya siku hizo mbili ndiyo sehemu ya soko; ilinganishe na muda linaokaa mpakani, na hilo ndilo jibu la kupeleka kaunti.