Likizo Mlimani na Jamaa: Je, Mama Naye Anapumzika?



Siku hizi si ajabu kuona familia zetu zikipanga likizo pamoja na jamaa. Shule zikifungwa mwezi wa Agosti au Desemba, ndugu wanaofanya kazi Nairobi, Mombasa na Kisumu hukutana, wakakodi matatu moja, wakapakia mahema, mablanketi na sufuria, wakaenda kukaa siku tatu nne kambini katika Mlima Kenya. Wajukuu humwona nyanya yao. Binamu waliokuwa wakijuana kwa picha za simu tu hucheza pamoja. Hilo ni jambo jema. Katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, hayati Papa Fransisko aliwakumbusha wenzi kuwa familia haiishii kwa baba, mama na watoto; kuna wazazi wa pande zote mbili, wajomba, mashangazi na binamu, nao wote wana nafasi yao katika upendo.

Lakini tuseme ukweli. Wako wenzi walioondoka wakicheka na kurudi hawasemezani. Ukimwuliza bwana, atasema, "Tulistarehe sana." Ukimwuliza bibi, atanyamaza. Yeye alitoka jikoni kwake akaingia jikoni kwingine, penye moshi, baridi na midomo kumi na sita ya kulisha. Basi leo tujifunze jambo moja: likizo ambayo mmoja wa wenzi hapumziki, haijawa likizo ya familia hiyo. Na kupatana juu ya jambo hilo ni kazi ya bwana na bibi kabla gari halijaondoka.

Kambi ya jamaa katika Biblia

Fungueni Kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Musa alikuwa amepiga kambi jangwani, karibu na mlima wa Mungu. Yethro, baba mkwe wake, akaja kumtembelea, akiwa na Sipora, mke wa Musa, na wana wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Kumbe hata Musa alikaa kambini mlimani pamoja na wakwe!

Tazama mambo yalivyokwenda. Musa alitoka kumlaki mzee, akainama kwa heshima, wakajuliana hali. Wakaingia hemani, wakazungumza, wakamshukuru Mungu, wakala pamoja. Siku ya pili Yethro akamwona Musa ameketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni. Akamwuliza sababu, akamsikiliza, kisha akamwambia kwamba anayoyafanya si mema, kwani atachoka kabisa yeye na watu wake. Akamshauri achague watu wanaofaa, agawe kazi, mazito yabaki kwake na mepesi wayafanye wengine. Musa akakubali. Halafu Yethro akarudi katika nchi yake.

Hapa kuna mafundisho matatu. La kwanza, Yethro aliuliza na kusikiliza kabla ya kutoa shauri. La pili, shauri lake lilikuwa la kumpunguzia mtu mzigo, wala hakumwongezea. La tatu, alipomaliza kushauri alikwenda kwake, akamwachia Musa mambo yake. Wakwe wote wangefuata mfano wa Yethro, nyumba nyingi zingekuwa na amani.

Ninyi wawili kwanza

Mwanzo, sura ya 2, inatufundisha kwamba mume huwaacha baba na mama akaambatana na mkewe. Kuwaacha si kuwatupa. Maana yake ni kwamba sasa shauri la kwanza ni la ninyi wawili. Kwa hiyo, ndugu yako akikupigia simu kusema, "Agosti twende mlimani," usijibu "Tumo" papo hapo. Jibu, "Wazo ni zuri, ngoja nizungumze na mama watoto." Hapo hujapungukiwa na uanaume. Umeiheshimu Sakramenti ya Ndoa.

Mketi mpatane juu ya mambo haya:

1. Fedha. Muhula wa tatu unaanza mara tu likizo ya Agosti inapokwisha. Karo, sare na vitabu vitengwe kwanza. Kitakachobaki ndicho cha likizo. Semeni waziwazi kiasi mtakachotoa, wala bwana asimwongezee kaka yake kwa siri, wala bibi asimlipie dada yake kwa siri. Siri ya elfu mbili huweza kuvunja uaminifu wa miaka ishirini.

2. Siku. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku tatu za furaha ni bora kuliko wiki moja ya kuvumiliana.

3. Watu. Ni nani wanaokwenda, wa upande gani? Kama kila mwaka ni jamaa za bwana tu, wazazi wa bibi nao wanakumbukwa lini?

4. Kazi. Nani atapika, nani ataosha vyombo, nani atalala na watoto? Msiseme, "Tutaona huko huko." Anayeona huko huko mara nyingi ni mama.

Ujueni mlima wenyewe

Mlima Kenya si mahali pa mchezo. Kilele cha Batian kina mita 5,199, nacho cha Lenana, wanachofikia wengi wanaopanda kwa miguu, kina mita 4,985. Familia yenye wazee na watoto wadogo haina haja ya kufika huko. Kambi za chini, karibu na malango ya Naro Moru na Sirimon, zinatosha kabisa kwa furaha yenu.

Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Watu wa Mombasa wasije na kanga na shati moja. Usiku baridi ni kali, na mwezi wa Agosti mara nyingi mawingu hukaa mchana kutwa. Kuanzia mita 2,500 hivi, baadhi ya watu huanza kuumwa na kichwa, kusikia kichefuchefu na kukosa usingizi kwa sababu hewa ni nyepesi. Mtu akiwa hivyo asipande zaidi, na akizidiwa ateremshwe mara moja. Nyanya mwenye shinikizo la damu na mama mjamzito wamwone daktari kabla ya safari.

Na sikilizeni sana neno hili: msiingize jiko la makaa ndani ya hema, hata kama watoto wanalia kwa baridi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Ongezeni mablanketi, vaeni soksi na kofia, mlale karibu karibu. Jiko libaki nje.

Sufuria na sahani

Maji yakiwa kwenye mita 3,000 huchemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100. Basi maharagwe na githeri hukawia sana kuiva. Mama akiambiwa apike githeri huko, atakesha motoni. Chemsheni maharagwe nyumbani kabla ya safari, mbebe vyakula vyepesi kuiva, na chapati za siku ya kwanza zipikwe nyumbani na kila familia.

Tena, tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa, sahani na vikombe vya plastiki vya kutumiwa mara moja na kutupwa vimepigwa marufuku katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Kwa hiyo mtabeba sahani za kuosha. Hebu tupige hesabu: watu kumi na sita, milo mitatu, hizo ni sahani 48 kwa siku. Siku nne ni sahani 192, na maji ni ya baridi kama barafu. Je, zote ni za mkaza mwana mmoja aoshe, huku wengine wakiota moto na kusimulia hadithi za zamani?

Hapa ndipo shauri la Yethro linapohitajika. Gaweni watu katika makundi, kila kundi na siku yake ya kupika na kuosha. Wanaume wawe na siku yao, wala wasikodi mtu wa kuwafanyia. Wavulana wateke maji, wasichana nao wapate kucheza. Baba anayekoroga uji mbele ya kaka zake na mama yake anawafundisha wanawe juu ya ndoa kuliko mahubiri mengi. Na mama mkwe akisema, "Kwani mwanangu amekuwa mpishi?" mwana na ajibu kwa upole, "Ndiyo, mama, leo tunawapumzisha ninyi wote." Bwana ndiye wa kujibu neno hilo. Asimwachie mkewe kujitetea. Bibi naye afanye vivyo hivyo kwa jamaa zake.

Watoto wa wote si wa mtu yeyote

Mnakumbuka Injili ya Luka, sura ya 2. Yosefu na Maria walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani kijana Yesu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, yumo katika msafara pamoja na jamaa. Kumbe amebaki Yerusalemu, wakamwona baada ya siku tatu. Kama jambo hilo liliwapata wazazi watakatifu, sembuse sisi? Katika kundi kubwa kila mtu hudhani mwenzake anamtazama mtoto. Msitu wa Mlima Kenya una nyati na ndovu, na mito yake ina maji baridi ya nguvu. Mtajeni mtu mzima mmoja kwa kila saa, kwa jina, awe ndiye mlinzi. Wahesabuni watoto kabla ya chakula na kabla ya kulala.

Usiku

Katika baadhi ya jamii zetu, mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Msidharau mila hiyo kwa kuwa mko msituni. Hema la wakwe lipigwe mbali kidogo, na wazee waulizwe mapema, wasije wakakosa usingizi kwa aibu.

Bwana na bibi nao wawe na hema lao. Mara nyingi mama hulazwa na watoto na mashangazi, baba akalala na kaka zake, wakapita siku nne bila neno la faragha. Tafuteni hata nusu saa, mtembee wawili hadi mtoni wakati shangazi anawatazama watoto. Ulizaneni, "Umechoka? Kuna neno lililokuumiza?" Jambo likisemwa siku hiyo hiyo huwa dogo. Likifika nyumbani limebebwa kimya huwa zito.

Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Hayati Papa Fransisko alifundisha maneno matatu ya nyumbani: naomba, asante, samahani. Yatumieni pia kwa wifi na shemeji. Na msimwumbue mwenzi wako mbele ya jamaa, hata kwa mzaha. Jamaa watasahau mzaha huo, lakini mwenzi wako hatasahau.

Kushuka

Jumapili ikiwakuta huko, ulizeni mapema saa za Misa katika mji wa karibu, na kila jioni salini Rozari pamoja, wazee na watoto. Petro alipoona utukufu wa Bwana mlimani alitaka kujenga vibanda vitatu wabaki huko, lakini walishuka, na chini palikuwa na baba aliyekuwa akiwangoja na mwanawe mgonjwa. Nasi hushuka tukarudi kwenye kazi na karo. Basi mkifika nyumbani, fanyeni hesabu ya fedha pamoja, washukuruni wazee kwa simu, na kila mmoja amshukuru mwenzake kwa jambo moja alilolitenda huko.

Maswali ya kujadiliana, ninyi wawili au katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Katika safari yetu ya mwisho na jamaa, ni nani aliyepumzika na ni nani aliyechoka? Bwana ajibu kwa niaba ya bibi, na bibi kwa niaba ya bwana, kisha kila mmoja aseme kama mwenzake amepata.

2. Ni shauri gani la wazazi wetu lililotupunguzia mzigo, kama lile la Yethro? Tumewashukuru?

3. Jamaa wakituita likizo ijayo, tutawajibuje, na tutakuwa tumepatana nini sisi kwanza?

Mungu awabariki na kuwalinda katika safari zenu.