Ailime na Aitunze: Kazi ya Bustani kwa Kijana Mkatoliki

Vijana wenzangu, kabla hujaendelea fungua Biblia yako, Mwa 2:15.

Mungu anamweka mtu bustanini na kumpa kazi mbili: ailime na aitunze. Angalia, kazi hiyo ilitolewa kabla ya dhambi, kwa hiyo kazi ya mikono siyo adhabu. Papa Fransisko anayafafanua maneno hayo mawili katika Laudato Si' (2015), namba 67.

Hapa Tabora wengi wetu tumemaliza shule na tunasubiri ajira. Lakini ukimwambia mtu akakate majani kwa watu, anakujibu, "Yaani mimi niwe shamba boi?" Mimi na mwenzangu tunaifanya kazi hiyo, na ofisi yetu ni uani kwetu, Isevya. Nawashirikisha mambo matatu.

1. Hesabu kwanza (Lk 14:28-30)

Yesu anasema anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akapiga hesabu. Sisi tulianza na fyekeo, reki, panga na mkasi wa kupogolea. Mashine itakuja yenyewe. Hesabu pia majira. Mvua zikianza Novemba hadi Aprili, majani yanaota haraka na simu zinaita. Kiangazi majani yanakauka na simu zinanyamaza. Ndiyo maana uani tuna kitalu: miche ya miembe, michongoma na maua. Kiangazi tunaitunza, mvua zikikaribia tunaiuza.

Kama mko kikundi, nendeni halmashauri mkaulize mikopo. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, na kati ya hizo asilimia 4 ni za vijana.

2. Lipa jasho la mwenzako (Yak 5:4)

Mji wetu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kwa ujira. Njia hiyohiyo walipita watumwa, ambao jasho lao halikulipwa kabisa. Sisi tunaoishi juu ya njia hiyo tusirudie dhambi ile kwa sura ndogo.

Siku moja mteja alituambia tufuate hela mwisho wa mwezi, na tulikuwa na dogo aliyekuja kutusaidia. Tulivunja kibubu tukamlipa jioni ileile, sisi tukalala bila kitu. Iliuma, lakini yeye hakuwa na mkataba na yule mteja, alikuwa na mkataba na sisi. Siku hizi tunaomba nusu ya malipo kabla ya kuanza.

3. Tunza, usikate tu

Wafanyabiashara wa pembe na watumwa wamepita, ila miembe ya kando ya njia ile bado inatupa kivuli na matunda. Mteja akisema "kata mti wote, unachafua uwanja," mshauri kwa heshima aupogoe. Majani mliyofagia msiyachome. Yarundikeni yaoze yawe mboji ya kitalu chenu. Hapo mnalima na kutunza kwa pamoja.

Mwisho, soma Yn 20:15. Asubuhi ya Pasaka, Maria Magdalena alidhani Yesu ni mtunza bustani. Bwana mfufuka hakuona aibu kudhaniwa hivyo, akamwita tu kwa jina lake. Basi wewe unaona aibu ya nini?

Tafakari: Je, kuna mtu aliyenifanyia kazi na bado sijamlipa? Nitamlipa lini?

Sala: Ee Bwana, bariki mikono yetu na zana zetu. Utujalie kula jasho letu wenyewe, wala si la mwingine. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Amina.