Ukifanya Mazoezi ya Kupunguza Mwili, Je, Urudishe Chakula Ulichotumia?

Na Mganga Msaidizi wa Vijijini

Leo tutasoma juu ya jambo ambalo watu huuliza sana wanapokuja zahanati kupimwa uzito. Mtu ameambiwa apunguze mwili, kwa sababu ana presha au ana kisukari. Ameanza mazoezi. Kila asubuhi anatembea. Akirudi nyumbani, njaa inamshika. Sasa anauliza: nguvu nilizotumia njiani, je, nizirudishe kwa kula zaidi, au nivumilie?

Wengine hawaulizi. Wanarudisha tu. Pita asubuhi mjini Shinyanga, upande wa Uwanja wa Kambarage, au pita Geita mjini. Utaona watu wazima wanakimbia polepole, jasho linawatoka. Jambo hilo ni zuri sana. Lakini baada ya mazoezi wengine huenda moja kwa moja kwa mama ntilie. Wanaagiza chai ya vijiko vinne vya sukari na chapati mbili. Wanasema, "Leo tumetoka jasho, tumestahili." Baada ya miezi mitatu wanapanda kwenye mizani, na uzito ni ule ule. Hapo ndipo wanapokata tamaa na kusema mazoezi ni uongo.

Tufanye hesabu, maana jambo hili ni la hesabu.

Chakula kina nguvu ndani yake, kama kuni zilivyo na moto. Pamba tunaipima kwa kilo, maziwa tunayapima kwa lita. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kipimo kinachoitwa kalori. Robo kilo ya unga wa mahindi ina kalori kama 900. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Soda ya mililita 300 ina kalori kama 125. Chapati moja ya mafuta huwa na kalori 250 hivi, na ikiwa nene huzidi. Sukari, vijiko vinne vya chai visivyojaa kilima, ina kalori 64.

Sasa tuone matumizi. Mtu mwenye kilo 80 akitembea kwa haraka saa moja, huenda kama kilomita tano. Kama hujui kilomita tano ni umbali gani, nenda kwenye kiwanja cha mpira. Ukikizunguka mara tatu umekaribia kilomita moja. Kwa hiyo kilomita tano ni mizunguko 15. Katika safari hiyo mtu huyo hutumia kalori kati ya 200 na 300. Tuseme 250.

Yule wa chapati mbili na chai amekula kalori 564. Ametumia 250. Amerudisha zaidi ya mara mbili.

Na mafuta ya mwili hayatoki upesi. Kilo moja ya mafuta yaliyo mwilini imeficha kalori kama 7,700. Gawanya 7,700 kwa 250. Utapata siku 31 hivi. Maana yake, hata kama hukurudisha kitu chochote, kutembea saa moja kila siku kunaweza kupunguza kilo moja kwa mwezi. Ukirudisha nusu, itakuchukua miezi miwili. Ukirudisha yote, utabaki pale pale.

Lakini liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo limepimwa jirani na sisi. Wahadzabe wanaishi kandokando ya Ziwa Eyasi, na upande mmoja nchi yao inafika wilaya ya Meatu, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga. Watu hawa huwinda, hurina asali na kuchimba mizizi. Hutembea sana. Mtaalamu wa Marekani, Herman Pontzer, na wenzake waliwapa maji maalumu ya kunywa, kisha wakapima mkojo wao ili kujua mwili umetumia kalori ngapi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Wanaume walikuwa wakitembea kilomita 11 hivi kwa siku, na wanawake karibu 6. Watafiti walitegemea kuona matumizi makubwa mno. Hawakuyaona. Wanaume walitumia kalori 2,600 hivi kwa siku na wanawake 1,900 hivi. Ukilinganisha watu wenye mwili sawa, ni karibu sawa na Mmarekani anayekaa ofisini!

Je, inawezekanaje? Mwili una akili ya mama mwenye nyumba. Fedha nyingi zikitoka mlango mmoja, yeye hubana mlango mwingine. Ukitumia nguvu nyingi kwa kutembea, mwili hupunguza matumizi mahali pengine pasipoonekana kwa macho. Mwaka 2021 watafiti wengine walikusanya vipimo vya watu wazima 1,754. Waliona kwamba katika kila kalori 100 za mazoezi, ni kama 72 tu zinazoongezeka kweli katika matumizi ya siku. Zile 28 mwili umezibana kwingine.

Rudi kwenye hesabu yetu. Umetembea, na umejiandikia kalori 250. Mwili unakuhesabia 180 tu. Basi mtu anayerudisha chakula chote cha hesabu yake anakuwa amezidisha bila kujua. Ndiyo maana pia usiamini sana zile saa za mkononi zinazoandika kalori. Mwaka 2017 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima saa saba za namna hiyo. Hata iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kalori 27 katika kila 100. Saa nzuri ya kuhesabu mapigo ya moyo si lazima iwe nzuri kwa kalori.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliyeambiwa upunguze mwili, kama mazoezi yako ni ya saa moja au pungufu, usirudishe. Chakula chako cha kawaida cha siku kinatosha. Njaa ya baada ya mazoezi ina dawa rahisi: panga mazoezi yako kabla ya mlo ambao ungekula hata hivyo. Tembea, rudi, nywa maji, oga, kisha kula mlo wako ule ule wa kawaida. Usianzishe mlo wa nne. Maji ni lazima uyarudishe, kwa sababu jasho ni maji.  Kama njaa bado ni kali, ongeza kidogo kitu kinachokaa tumboni: maharage, dagaa, yai, au kikombe cha maziwa mgando. Soda haikai tumboni. Kuacha soda mbili kwa siku ni kalori 250, sawa na ile saa moja ya kutembea, na huhitaji hata kuvaa viatu.

Mtu asije akasema mganga ameandika kwamba mazoezi hayana kazi. Mazoezi husaidia presha na kisukari hata kabla mizani haijasogea, na humsaidia aliyekwisha kupungua asirudi alikotoka.

Sasa tugeuke upande wa pili, na hapa naomba tusome taratibu. Haya niliyosema si ya kila mtu. Wazee watakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, tulipofundishwa kushinda upungufu wa chakula. Upungufu huo haujaisha. Katika kijiji kimoja utakuta aliyezidi uzito na aliyepungukiwa, tena pengine chini ya paa moja.

Mama anayepalilia pamba kwa jembe la mkono hutumia kalori 250 hadi 300 kwa saa. Akipalilia saa tano, ni zaidi ya 1,200. Kazi hiyo si mazoezi ya kupunguza mwili. Mama huyo arudishe chakula. Vivyo hivyo kijana anayepasua mwamba kwa nyundo na tindo katika maduara ya Rwamgasa au Nyarugusu, na mwenzake anayepandisha viroba vya mawe. Nimesema kwamba mwili hubana matumizi. Ukiubana kupita kiasi, unaanza kubana hata yale ya lazima. Vidonda vinachelewa kupona, nguvu zinaisha, wanawake wengine hukosa siku zao. Michembe na karanga mfukoni, ugali wa kushiba na dagaa jioni, hivyo ndivyo vya kurudisha. Pombe ina kalori, lakini haijengi msuli.

Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wasijipunguze kwa kukaa na njaa. Wala mtu anayetumia dawa za kifua kikuu au za UKIMWI asijipunguze kabla ya kuzungumza na mganga wake.

Kwenye machimbo kuna hatari moja inayojificha. Mtu anapungua, suruali inalegea, wenzake wanasema, "Ni kazi hiyo, unachoma mafuta." Huenda si kazi. Vumbi la mawe huharibu mapafu na kuyafanya yashikwe kwa urahisi na kifua kikuu. Mtu anayepungua bila kukusudia, na anakohoa wiki mbili au zaidi, au anatoka jasho usiku amelala, aende akapimwe makohozi. Asingoje mpaka apate dhahabu.

Na wewe mwenye kisukari unayechoma insulini au unayemeza glibenklamidi, sheria ya kutorudisha chakula haikuhusu siku sukari inaposhuka. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi la baridi, njaa ya ghafla, kizunguzungu, na maneno kuchanganyika. Ukiziona njiani, simama. Kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, au maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari. Ngoja dakika 15. Kama hujapata nafuu, rudia. Kisha kula chakula. Ukimkuta mwenzako amezirai, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Kabla ya kuanza mazoezi mwone mganga, maana pengine dawa yako itahitaji kupunguzwa. Beba sukari mfukoni kila utokapo. Katika mwili wako mazoezi na dawa vyote viwili vinashusha sukari, na siku vikikutana na tumbo tupu unaweza kuanguka.

Je, utajuaje kama unakula sawasawa, bila kuhesabu kalori kila siku? Tumia kamba. Simama, mwenzako apime kamba kuanzia kisigino hadi utosini, aikate hapo. Ikunje katikati iwe nusu. Jaribu kuizungusha tumboni juu kidogo ya kitovu. Ikifika na kuzunguka, tumbo lako ni la kiasi. Ikikataa kukutana, una mafuta mengi tumboni. Itundike ukutani, ujipime nayo kila mwezi. Kipimo hiki si cha mama mjamzito.

Kama kuna mizani zahanati, jipime kila baada ya wiki mbili, asubuhi, kwenye mizani ile ile. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Ukishuka zaidi ya kilo moja kila wiki, wiki nyingi mfululizo, basi wewe unabana mno: ongeza chakula. Na kama wiki nne zimepita na hakuna kilichosogea, huenda unarudisha mahali fulani. Chunguza chai. Chunguza mafuta ya mboga. Chunguza kile unachokula umesimama jikoni, kwa maana hicho hakuna anayekihesabu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Baba mmoja hutembea kila siku na kutumia kalori 250. Akirudi hunywa soda moja ya kalori 125. Zinabaki kalori ngapi? Kwa mwendo huo, kalori 7,700 zitaisha kwa siku ngapi?

2. Kama mwili unamhesabia baba huyo kalori 180 tu, naye bado anakunywa soda ile, zinabaki ngapi?

3. Katika kijiji chenu, ni kazi gani ambazo mtu akizifanya ni lazima arudishe chakula? Ni nani anazifanya, na nyumbani ni nani anayepakuliwa wa mwisho?