Muuguzi Anapokosea: Wajibu wa Kamati ya Usharika



Katika ziara zetu kwenye zahanati za sharika tunaulizwa mara nyingi: muuguzi akitenda kosa kubwa, kamati ifanye nini? Wengi hupendekeza aachishwe kazi kimya kimya, apewe barua nzuri na kutakiwa heri aendako. Wanasema huko ni kumsitiri ndugu. Katika somo hili tunaeleza kwa nini sitara ya namna hiyo inaweza kumgharimu mgonjwa maisha.

1. Nani ana mamlaka gani?

Mwajiri, yaani usharika au Dayosisi, huajiri, huonya na huachisha kazi. Lakini leseni hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Baraza ndilo lenye uwezo wa kumkaripia muuguzi, kumsimamisha au kufuta jina lake katika daftari. Kwa hiyo muuguzi tuliyemwachisha kazi leo bado ana leseni yake mfukoni. Kesho anaweza kushika sindano katika zahanati ya usharika jirani, na wale hawajui lolote.

2. Sababu za kunyimwa au kupoteza leseni

Leseni hunyimwa mtu asiye na mafunzo yanayotambuliwa, au aliyejipatia usajili kwa udanganyifu. Hili si jambo la kufikirika. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ambao taarifa yake ilikabidhiwa kwa Rais Aprili 2017, ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Sekta ya afya nayo iliguswa.

Kwa aliyekwisha kusajiliwa, makosa yanayoweza kumfikisha mbele ya Baraza ni kama haya:
- kuja zamu akiwa amelewa, au kutelekeza wagonjwa;
- kuiba dawa za zahanati au kudai rushwa;
- kumpiga, kumtukana au kumdhalilisha mgonjwa, hasa mama aliye katika uchungu;
- kutoa siri za mgonjwa, kwa mfano majibu ya kipimo cha VVU;
- kuandika uongo katika kumbukumbu za matibabu;
- kufanya kazi iliyo nje ya mafunzo yake bila kuwa na dharura.

3. Si kila kosa ni utovu wa maadili

Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku, mwenye wazazi wawili wanaojifungua kwa wakati mmoja, anaweza kuchelewa kumfikia mmojawapo. Hapo kamati ijiulize kwanza: tuliajiri wangapi? Taa ilikuwapo? Kosa la kibinadamu lililosemwa wazi mara moja husahihishwa kwa mafunzo na usimamizi. Tukimwadhibu kila anayesema ukweli, tutawafundisha wote kuficha.

Vilevile, kudai mshahara uliocheleweshwa au kutoelewana na mwenyekiti wa kamati si sababu ya kumshitaki mtu kwa Baraza. Mtuhumiwa ana haki ya kuelezwa kosa lake, kusikilizwa na kukata rufaa.

4. Gharama ya kunyamaza: mfano kutoka Marekani

Charles Cullen alikuwa muuguzi katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania. Kwa miaka 16 alihama kutoka kituo kimoja hadi kingine, hospitali tisa na nyumba moja ya kutunzia wagonjwa. Baadhi ya waajiri walimtilia shaka, wengine walimwondoa kazini. Hata hivyo, aliendelea kupata ajira, kwa sababu aliyemwondoa hakumwambia ukweli aliyemwajiri. Alikamatwa Desemba 2003, akakiri kuwaua wagonjwa kwa kuwapa dawa kwa kiwango cha kuua. Alitiwa hatiani kwa mauaji 29, na mwaka 2006 akahukumiwa vifungo vya maisha. Mwaka 2005 New Jersey ilipitisha sheria inayozitaka hospitali kutoa taarifa za wahudumu wanaochukuliwa hatua, na kumjibu kweli mwajiri mwingine anayeuliza.

Mfano huu ni wa kupita kiasi, na wauguzi wetu walio wengi ni watu waaminifu sana. Lakini mlango aliopitia Cullen ndio huohuo anaopitia mwizi wa dawa au mlevi wa zamu ya usiku: barua nzuri isiyo ya kweli.

5. Hatua tunazopendekeza

Kwanza, kabla ya kuajiri, kamati ione leseni halisi, iangalie kama haijaisha muda, na ithibitishe usajili kwa Baraza. Pili, iulize mwajiri wa mwisho kwa maandishi sababu ya kuondoka. Tatu, tukio likitokea, liandikwe siku hiyohiyo: tarehe, saa, mashahidi na maelezo ya muuguzi mwenyewe. Nne, kosa zito lipelekwe kwa Msajili wa Baraza, na Mganga Mkuu wa Wilaya ajulishwe. Tano, barua ya kumtambulisha anayeondoka iseme kweli tupu, bila chuki na bila kupamba.

Kwa wafadhili wetu: mkisaidia kulipa muuguzi wa pili wa zamu ya usiku, mnazuia makosa mengi kabla ya Baraza kuhitajika.

Maswali ya kujadili katika kamati
1. Je, tunazo nakala za leseni za wauguzi wetu wote, na zinaisha lini?
2. Mgonjwa aliyedhulumiwa katika zahanati yetu apeleke malalamiko kwa nani?
3. Barua ya mwisho tuliyomwandikia mtumishi aliyeondoka, je, tungekubali kuipokea sisi?

Huruma kwa mtumishi ni jambo jema. Ila mgonjwa aliyelala kitandani hana nafasi ya kuchagua nani atamchoma sindano. Kamati ndiyo iliyomchagulia.