SOMO LA AFYA: KWA NINI MTOTO HURUDISHWA KUCHANJWA?

Wazazi wengi waendao zahanati wamepata kujiuliza swali hili: Kwa nini mtoto huchanjwa kwa ajili ya kifua kikuu mara moja tu, tena akiwa mchanga, lakini kwa chanjo ya pepopunda, dondakoo na kifaduro huambiwa arudishwe mara ya pili na ya tatu? Wengine hudhani kwamba sindano ya kwanza ilikuwa hafifu. Wengine, mtoto akiisha kulia na kupata homa kidogo, huona kuwa kazi imekwisha, wala hawarudi tena. Swali lao ni la haki, na yafaa lijibiwe. Jibu lake twalipata tukifahamu jinsi mwili unavyojifunza kujilinda.

Kinga ya kuazima na kinga ya kujitengenezea

Mwanadamu aweza kupata kinga kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupewa kinga iliyokwisha kutengenezwa na mwili mwingine. Mtoto huzaliwa na kinga kadha alizopewa na mamaye akiwa tumboni. Kadhalika mtu aliyeumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa huweza kupewa, pamoja na chanjo, dawa yenye kinga iliyotolewa katika damu ya mtu au mnyama aliyechanjwa. Kinga ya namna hii hufanya kazi mara moja, lakini ni kama nguo ya kuazima: haidumu. Mwili ulioipokea haukujifunza kuitengeneza, na baada ya majuma au miezi michache huisha.

Njia ya pili ni mwili kujitengenezea kinga wenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya chanjo. Chanjo haipigani na ugonjwa. Huufundisha mwili kupigana.

Jinsi mwili unavyojifunza

Ndani ya damu mna chembe nyeupe, ambazo twaweza kuzifananisha na askari. Viini vya maradhi viingiapo kwa mara ya kwanza, askari hawa hawavijui. Huwachukua siku nyingi, hata majuma mawili, kulitambua umbo la adui na kutengeneza silaha imfaayo, nayo huitwa kingamwili. Kila kingamwili ina adui wake, kama vile ufunguo ulivyo na kufuli lake. Silaha ya surua haifai kitu mbele ya pepopunda. Katika siku hizo za kujifunza ndipo ugonjwa upatapo nafasi ya kumdhuru mtu, hata kumwua.

Vita vikiisha, askari wengi hufa, lakini baadhi yao hubaki, nao hulikumbuka umbo la adui. Arudipo, hawangoji kufundishwa tena. Silaha hutoka kwa siku chache tu, nyingi na kali kuliko zile za kwanza. Ndiyo maana mtu aliyepona surua aghalabu haugui surua tena. Faida ya chanjo ni kuupa mwili kumbukumbu hiyo bila kuupitisha katika hatari ya ugonjwa wenyewe.

Aina za chanjo

Chanjo zote hufanya kazi hiyo moja, lakini si zote zifundishazo kwa nguvu sawa. Ziko aina nne kubwa.

Aina ya kwanza ni viini hai vilivyodhoofishwa. Hizo ni kama chanjo za surua, homa ya manjano na kifua kikuu. Wafugaji wa Afrika ya Mashariki waliiona faida ya aina hii katika habari ya sotoka. Huko Muguga, karibu na Nairobi, Dakta Walter Plowright na wenzake walikuza virusi vya sotoka katika chembe za figo za ndama, wakavihamisha tena na tena, kiasi cha mara 90, hata vikapoteza nguvu za kumwua ng'ombe, lakini vikabaki na sura ile ile ya adui. Chanjo hiyo, iliyopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilimkinga ng'ombe kwa maisha yake kwa sindano moja. Na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Kwa kuwa viini hivi huzaana kidogo mwilini, mwili hudhani umevamiwa kweli, nao hujifunza sana. Aghalabu dozi moja au mbili hutosha. Lakini chanjo hizi huharibiwa upesi na joto, wala kwa kawaida hazifai kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika sana.

Aina ya pili ni viini vilivyouawa. Mfano wake ni chanjo ya sindano ya polio iliyotengenezwa na Dakta Jonas Salk wa Marekani, na kuruhusiwa mwaka 1955. Kiini kilichokufa hakiwezi kuzaana, basi hakiwezi kuleta ugonjwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo somo lake ni fupi, na halina budi kurudiwa.

Aina ya tatu ni sumu iliyoondolewa ukali. Viini vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, navyo huingia kwa kidonda, au kwa kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe mchafu. Kinachoua ni sumu yao. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Gaston Ramon alionyesha kwamba sumu ya dondakoo, na kisha ya pepopunda, ikitiwa formalini na kuwekwa penye joto hupoteza ukali, bali mwili huweza bado kuitambua. Jambo la ajabu ni kwamba hata mtu aliyepona pepopunda hapati kinga, maana sumu iuayo ni kidogo mno, haitoshi kuufundisha mwili. Hivyo naye hana budi kuchanjwa.

Aina ya nne ni sehemu tu ya kiini, au maagizo ya kuitengeneza sehemu hiyo. Tangu mwaka 1986 imetumika chanjo ya homa ya ini ya aina ya B ambayo sehemu yake ya virusi hutengenezwa na hamira. Na baadhi ya chanjo za korona, zilizoanza kutumiwa mwezi wa Desemba 2020, huupelekea mwili maagizo mfano wa waraka. Mwili huyasoma, hutengeneza sehemu moja ya virusi, hujifunza umbo lake, na waraka wenyewe huharibika upesi.

Kwa nini kurudi

Sasa twaweza kulijibu swali la wazazi. Chanjo ya pepopunda, dondakoo na kifaduro haina kiini hai. Sindano ya kwanza huwajulisha askari adui. Ya pili na ya tatu huwaamsha na kuwaongeza. Majuma yanayopita katikati si ya bure, bali ndiyo muda wa somo kukomaa. Mwanamke ambaye hakupata kuchanjwa pepopunda hapati kinga ya kutegemewa kwa sindano ya kwanza. Huhitaji ya pili baada ya majuma 4 au zaidi, ya tatu baada ya miezi 6, kisha ya nne na ya tano, kila moja baada ya mwaka, ndipo akingwe kwa miaka yake ya uzazi.

Surua nayo ina sababu yake. Katika Kenya mtoto huchanjwa surua afikapo miezi 9, maana kabla ya hapo kinga aliyoazimwa na mamaye huweza kuizuia chanjo isifanye kazi. Katika watoto 100 wachanjwao umri huo, kiasi cha 85 hukingwa. Dozi ya miezi 18 ni kwa ajili ya wale waliosalia, nao hawajulikani kwa kuwatazama. Tena mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huweza kuwaambukiza watu 12 hata 18.

Mzazi aliyepitiwa na siku asione haya kurudi. Kwa kawaida mtoto haanzi upya. Huendelea pale alipoachia. Aichukue kadi yake, amwonyeshe mwuguzi.

Tumalizie kwa habari ya Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Alikaa karibu na chanjo ya ndui kila siku, lakini aliikwepa kwa kuogopa maumivu. Mwezi wa Oktoba 1977 alishikwa na ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Alipona. Baadaye alijiunga na kazi ya kuiondoa polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi waliosita kisa chake mwenyewe, na alikuwa angali katika kazi hiyo alipofariki mwaka 2013.